Mazishi ya Mtemi Hayupo

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Serikali yetu ya leo haimkamati mtu kwa sababu ya hadithi. Humkamata kwa mambo mengine, hadithi ikaja kuambatanishwa baadaye. Ila jina la nchi hii lilichaguliwa na watu ambao hawajawahi kufika, wakiwa wameinamia ramani mezani, na sisi tulipolisikia mara ya kwanza tulidhani ni dawa ya minyoo. Tukalizoea. Sisi ni hodari wa kuzoea.

Katika enzi hizo za ramani, huko Uingereza alikuwako kijana mmoja aliyeitwa Lodi Cuthbert Wendlesham; "lodi" ni heshima wanayoitwa watoto wa mabwana wakubwa wa kule. Baba yake alikuwa na cheo cha kurithi, kasri la mawe, na watoto wa kiume watatu. Kwa desturi ya ukoo ule, mtoto wa kwanza huachiwa kasri, wa pili huenda jeshini, na wa tatu hupelekwa kanisani ili awaombee hao wawili. Cuthbert alikuwa wa tatu. Walimpeleka kanisani, lakini siku ya mahubiri yake ya kwanza alijisikia mwenyewe akisifu unyenyekevu, na huku kidoleni amevaa pete ya ukoo kubwa kama yai la kwale. Akaangua kicheko pale pale mimbarani. Alicheka mpaka akashika nguzo. Askofu akasema kijana hafai. Wakamjaribu katika kikosi cha wapanda farasi. Farasi naye akasema hafai.

Basi baba yake akamwita sebuleni.

"Cuthbert," alisema, "nimekufikiria sana. Kuna mahali duniani ambapo mtu hawezi kuharibu kitu, kwa maana hakuna kitu. Nimezungumza na rafiki yangu Waziri. Utakwenda kutawala."

"Nitatawala nini, baba?"

"Hilo watakueleza ukifika."

Mahali hapo pasipo na kitu palikuwa kwetu. Kaka yake alirithi kasri, naye akaturithi sisi.

*

Lodi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotupa taabu. Bwana Shauri aliyemtangulia katika wilaya yetu alikuwa mbaya wa kawaida, mwenye kiboko na matusi, tukajua namna ya kumchukia. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo, na kila alilolitenda alilianza kwa kuomba radhi. Akikutia jela, "Samahani sana, ndugu yangu." Akikutoza kodi, "Samahani, hata mimi naona aibu." Kodi yenyewe ilikuwa ile ile. Tukamwita Bwana Samahani. Alipojua akafurahi mno, akasema hilo ndilo jina la kwanza maishani mwake alilolipata kwa juhudi zake mwenyewe.

Kiswahili alijifunza melini, kutoka kwenye kitabu kilichotungwa na padri mmoja kiziwi. Siku ya baraza lake la kwanza, watu wa Bonde la Isalanda walikuja wote, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kumwona lodi. Akapanda jukwaani na kofia yake yenye manyoya, jasho likimchuruzika, akapaza sauti:

"Ndugu zangu! Mfalme amenituma nije niwatawanye!"

Alikusudia kuwatawala. Watu wakatazamana. Kwenye safu ya mbele mama mmoja, kaniki yake ameikaza kiunoni kama mtu aliyekuja kazini, akanyoosha mkono.

"Tutawanyike sasa hivi, Bwana, au tungoje umalize?"

Huyo alikuwa Bi Kalunde. Alikuwa mjane, mfuga mbuzi, na mshitaki. Katika bonde zima hapakuwa na mtu wala kitu ambacho Bi Kalunde hajakishitaki. Aliwashitaki majirani kwa ajili ya mipaka, akaishitaki misheni kwa ajili ya kengele, akaishitaki reli kwa kuwatisha mbuzi wake wenye mimba. Kesi nyingi alishinda, kwa sababu wapinzani walichoka mapema.

Kando ya Lodi alisimama mkalimani wake, Bwana Feruzi, mtu wa pwani, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake katika jua lile. Feruzi hakupata kutumia neno fupi pale ambapo refu lilipatikana. Akakohoa.

"Mheshimiwa amekusudia kuwatawala," alisema. "Tofauti iliyopo baina ya maneno hayo mawili ni ndogo, na haina haja ya kuwashughulisha."

Lodi akacheka kuliko wote. Kisha akauliza lile swali aliloagizwa aulize kabla ya mengine: "Mkuu wenu ni nani?"

"Hatuna," alijibu Bi Kalunde.

"Hata mtemi? Hata kamtemi kadogo?"

"Bwana, sisi tukiwa na jambo tunakaa chini tunabishana. Tukichoka, jambo limekwisha."

"Hata kwetu kuna jumba la kubishana namna hiyo, la wabunge, kando ya mto," alisema Lodi. "Ila wale hawachoki."

Hata hivyo hakuridhika, maana agizo ni agizo. Kwa siku kadhaa alizunguka bondeni juu ya nyumbu wake, akiuliza kila aliyemkuta shambani, kisimani, njiani: "Mtemi yupo?" Na kila mtu, kwa adabu na huku akishangaa, alimjibu: "Hayupo."

*

Gavana wetu wakati huo alikuwa Sir Humphrey Blatchford, mtu mfupi aliyevaa nishani nyingi kifuani, akipanda ngazi analia kama mkokoteni wa masufuria. Alikuwa ameishi kwetu muda mrefu sana hata hakuona tena haja ya kujifunza lugha yetu. Alijua neno moja tu, "upesi," nalo lilimtosha. Sera yake aliitangaza kila mwaka katika karamu ya Mabwana Shauri huko makao makuu.

"Mabwana, tutawatawala kupitia watemi wao wenyewe," alisema. "Wakichukia, wachukiane."

Baada ya nyama, ilikuwa desturi kila Bwana Shauri ajisifu kwa mtemi wake. Mmoja alisema mtemi wake ana wake wengi kuliko ng'ombe. Mwingine akasema wa kwake huvaa koti la jenerali hata akienda kuoga mtoni. Mwishowe Gavana akageuka.

"Na wewe, Wendlesham? Wa kwako anaitwa nani?"

Lodi alikuwa amedhamiria kusema ukweli. Lakini alikuwa amelisikia jibu lile bondeni mara nyingi mno, likamtoka lilivyo.

"Hayupo, Mheshimiwa."

"Hayupo!" Gavana alilionja jina mdomoni. "Mtemi Hayupo. Jina lina uzito hilo. Ni mtu wa namna gani?"

Mtu mwingine angesahihisha pale pale. Lakini Lodi alikuwa na ugonjwa wake tangu utotoni: akiona nafasi ya kuwa kichekesho, hawezi kuiacha ipite.

"Mpole sana. Tangu nifike hajanibishia hata neno."

"Wake wangapi?"

"Hana hata mmoja."

"Mcha Mungu! Na sura yake?"

"Si mtu wa kuonekana ovyo, Mheshimiwa."

"Mmesikia, mabwana?" Gavana alipiga meza. "Huyo ndiye mtemi! Anajua thamani ya kutoonekana!"

Siku nyingi hazikupita, Mfalme wa Uingereza akamtunuku Mtemi Hayupo nishani ya Utumishi Mwaminifu. Ililetwa bomani ndani ya sanduku la mahameli, pamoja na upanga na kofia yenye manyoya ya mbuni. Lodi akavifungia stoo, penye majembe mabovu.

Aliyekuwa wa kwanza kuona manufaa ya jambo lile ni Feruzi. Ilipokuja amri kwamba wanaume wa bonde wakalime barabara ya kwenda kwenye kambi ya Gavana ya kuwindia, Feruzi alisimama barazani akasema, "Mtemi Hayupo amelipokea suala hili, naye anaendelea kulitafakari." Watu wakapiga makofi, wakarudi kwao. Ilipokuja amri kwamba mbuzi wote wavishwe vibati vya namba, Mtemi akalitafakari na hilo. Barabara haikulimwa, vibati vikaota kutu, na makao makuu hawakuuliza tena, kwani si heshima kumharakisha mtemi mwenye nishani.

Lazima niseme: hatukupata kutawaliwa vizuri namna ile, si kabla wala baada. Hayupo hakudai zawadi, hakuoa binti za watu, hakuwa na mpwa wa kutafutiwa kazi. Tulimpenda. Sisi, tusiotaka mkuu wakati yupo, tulimwona anafaa sana alipokuwa hayupo.

Na Lodi jioni alikaa barazani kwake na glasi yake, akamwambia mkalimani, "Feruzi, katika himaya yote hii mimi ndiye kichekesho kikubwa kuliko vyote."

"Hilo halina ubishi, Mheshimiwa," alijibu Feruzi kwa heshima zote.

*

Shemeji yake Gavana alikuwa na farasi wa mashindano, na farasi wale walihitaji majani mabichi na maji baridi. Katika nchi nzima palionekana mahali pamoja panapowafaa: Bonde la Isalanda, lenye chemchemi isiyokauka. Gavana alikuja mwenyewe bomani kumweleza Lodi, akiwa na furaha kama mtu aliyeleta zawadi.

"Watu watahamishiwa Uwanda wa Chumvi," alisema. "Pana nafasi tele huko."

"Pana nafasi kwa sababu hakuna maji, Mheshimiwa. Hata fisi wamehama."

"Usijali. Mtemi wao amekwisha kubali."

Lodi aliweka kikombe chini. "Amekubali lini?"

"Nilimpelekea taarifa kupitia ofisi yako muda mrefu uliopita. Hakukataa. Mtu muungwana kama yule asingekaa kimya kama hakubali." Gavana alimpiga Lodi begani. "Keshokutwa kutakuwa na baraza. Utamleta, atanishika mkono mbele ya watu wake, basi. Hatimaye nitamwona! Upesi, Wendlesham, upesi."

Kwa mara ya kwanza tangu akiwa mdogo, Lodi alitafuta kicheko asikipate. Akapanda nyumbu wake, akaenda moja kwa moja kwa Bi Kalunde.

Alimkuta uani, amembana beberu katikati ya magoti, anamnywesha dawa kwa kibuyu.

"Hodi, Bi Kalunde."

"Karibu, Bwana. Mshike pembe huyu."

Lodi akashika pembe. Beberu akamtemea dawa kwenye suruali. Akiwa ameinama hivyo hivyo akamweleza yote: karamu, nishani, farasi, Uwanda wa Chumvi. Alipomaliza akajaribu kutabasamu.

"Unaona jinsi nilivyo mpumbavu, mama. Kanisa lilinikataa, farasi walinikataa. Ni mimi tu ninayeweza kumzua mtu, na mtu mwenyewe akauza nchi. Nyumbani walisema siwezi kuharibu kitu—"

"Nyamaza," alisema Bi Kalunde.

Hakusema kwa ukali. Alimwachia beberu, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda bila kumpa Lodi kingine.

"Bwana, nakutazama tangu uje. Kila siku unajicheka mbele yetu. Mwanzoni nikasema, huyu mtu mwema, hana makuu. Halafu nikaona. Unajicheka wewe mapema ili sisi tusipate nafasi ya kukulaumu. Ulimfunga mpwa wangu, ukasema samahani, ukajiita mjinga, watu wakacheka. Mpwa wangu alikaa ndani mpaka akatoka na kifua. Kile kicheko kilimsaidia nini?"

Kuku walipita katikati yao.

"Nimefikiri labda mtu mmoja ajifanye Hayupo," alisema Lodi, kwa sauti ndogo. "Aje barazani akatae."

"Akikataa, Gavana atamwondoa, ataweka anayekubali. Na anayekubali hakosekani. Mimi mwenyewe nakutajia watatu kutoka hapa nilipokaa." Akasimama. "Hakuna aliyetuuliza, Bwana. Ndilo neno lenyewe. Kaliseme."

"Nikilisema watanifukuza."

"Sisi wanatufukuza usiposema," alisema Bi Kalunde, akamwita mbuzi mwingine.

*

Siku ya baraza bendera zilitundikwa na tarumbeta ikapigwa. Gavana aliketi katika kiti kilicholetwa kwa treni, na pembeni yake kikawekwa kingine, kitupu, chenye mto wa mahameli. Bonde zima lilikuwa limekuja. Gavana akatazama huku na huku.

"Yuko wapi rafiki yangu?"

Lodi akasimama. "Samahani, Mheshimiwa..." alianza, na watu wakaanza kuguna vicheko, maana walijua Bwana Samahani akianza hivyo kuna mchezo. Akatazama safu ya mbele. Bi Kalunde alikuwa hacheki. Lodi akavua kofia.

"Hayupo si jina," alisema. "Ni jibu. Niliwauliza watu hawa kama wana mtemi, wakaniambia hayupo. Mezani kwako nikakudanganya kwa sababu nilitaka kuchekesha. Hakuna aliyekubali kulitoa bonde hili. Wenyewe ndio hawa mbele yako, na hakuna aliyewauliza."

Alisema kwa Kiingereza. Kisha, kabla Feruzi hajafungua mdomo, akayarudia mwenyewe kwa Kiswahili, na safari hiyo hakukosea hata neno.

Gavana alikuwa mwekundu, akawa mweupe, halafu akawa rangi ambayo lugha yetu haijaipa jina. Akamvuta Lodi pembeni amnong'oneze. Lakini Sir Humphrey alikuwa amenong'ona maisha yake yote katika viwanja vya gwaride, kwa hiyo mnong'ono wake ulifika mpaka safu ya nyuma. Na Feruzi, kwa mazoea ya kazi, akautafsiri wote kwa sauti.

"Mheshimiwa Gavana anasema: Mfalme alimpa nishani! Anasema: Mfalme hampi nishani mtu asiyekuwepo, kwa kuwa hilo lingekuwa kosa, na Mfalme hakosei. Kwa hiyo mtemi alikuwepo. Lodi anauliza: yuko wapi basi? Mheshimiwa anafikiri."

Uwanja mzima ulinyamaza kumngoja Mheshimiwa afikiri.

Gavana akageukia umati. Uso wake ulikuwa umepata nafuu.

"Watu wa Isalanda," alisema, "nimepokea sasa hivi habari za kusikitisha. Mtemi Hayupo amefariki dunia asubuhi ya leo. Kesho nitawateulia mwingine."

Tukabaki tumeduwaa. Mtu wetu tuliyemjua kwa miaka yote ile! Na hapo Bi Kalunde akatupa mikono kichwani, akapiga yowe lililowashtua farasi wa Gavana.

"Uuuwi! Mtemi wetu jamani! Kafa baba yetu!"

Wanawake wakalipokea yowe, wanaume wakainamisha vichwa. Bi Kalunde akajiburura kwa magoti mpaka mbele ya kiti cha Gavana, akauliza huku akilia, na Feruzi akatafsiri: mtu aliyevaa nishani ya Mfalme, heshima za maziko yake zikoje?

Sasa, kanuni za nishani ile alizitunga Sir Humphrey mwenyewe. Naye alikuwa nayo, na kwa miaka mingi alikuwa na hofu kwamba akishazikwa watu watalisha kondoo juu yake. Akiulizwa kanuni zile hakuweza kujizuia. Alisimama wima, akazikariri kwa sauti ya kutetemeka: tarumbeta, bendera nusu mlingoti, na ardhi alimolala mwenye nishani isikanyagwe milele na kwato za mnyama apandwaye wala magurudumu, na ndugu zake waachwe waitunze kizazi hadi kizazi.

"Kwato za farasi je?" aliuliza Bi Kalunde, akijifuta kamasi.

"Hasa farasi!" alisema Gavana. Kisha akafunga mdomo, lakini ilikuwa imekwisha toka, na Feruzi alikuwa amekwisha itangaza.

"Mungu akubariki, Bwana Mkubwa. Kwa mila zetu mtemi hazikwi katika shimo la watu. Kichwa chake hulazwa kwenye chemchemi, na miguu yake mwisho wa bonde."

"Mwisho wa bonde?" Gavana alikodoa macho. "Mtu huyu alikuwa na urefu gani?"

Feruzi hakuitafsiri hiyo. Alijibu mwenyewe, ameshika kifua. "Alikuwa mkubwa, Mheshimiwa. Sisi tuliomwona hatutamsahau."

Gavana alitaka kubisha. Lakini ili umbishie mtu urefu wa rafiki yako, lazima uwe umewahi kumwona. Akakaa kitini taratibu.

Shemeji yake hakukosa. Alipewa bonde la jirani zetu, ambao walikuwa na mtemi wa kweli, mwenye mwili na jina, naye akakubali siku ile ile. Sisi tuliwahurumia sana, kwa mbali.

*

Maziko yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika kwetu. Ndani ya jeneza walitia upanga, ile kofia ya manyoya ya mbuni, na nishani. Gavana alihutubia kwa kirefu. Alisema alimjua Mtemi Hayupo kwa karibu, kwamba walikuwa wakishauriana mara kwa mara, na kwamba ushauri wake haukupata kumpotosha. Sehemu nyingine alilia kweli.

Sisi tulikuja kwa mchezo. Tulikubaliana tangu nyumbani nani aanze kuomboleza na nani azirai. Jeneza likashushwa, Bi Kalunde akasogea kutupa udongo wa kwanza, na sote tukamtazama kwa hamu, kwa maana alikuwa fundi.

Akatupa udongo. Akafungua mdomo. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili:

"Mwandu."

Mwandu alikuwa mumewe. Wakati wa vita vikubwa vya Wazungu walikuja wakamchukua, pamoja na wanaume wengi wa bonde, wakabebe mizigo ya jeshi. Walikwenda wamefungwa kamba viunoni. Hawakurudi, wala mwili, wala kofia, wala habari. Bi Kalunde alipokwenda bomani kuuliza, Bwana Shauri wa enzi zile alimwambia mtu huyo hayupo, arudi nyumbani.

"Mwandu," alisema tena. "Lala, baba. Leo nimekuzika."

Mama mwingine akasogea, akachukua udongo, akaita jina la kaka yake. Mwingine akamwita mwanawe. Majina yakawa mengi, yakawa yanapishana, watu wanasukumana kufika kaburini na udongo viganjani, na mchezo ukawa umekwisha bila mtu kuutangaza mwisho wake. Aliyepangwa kuzirai hakuzirai. Alikaa chini akalia.

Lodi alisimama karibu na kichwa cha jeneza, kofia mkononi.

"Feruzi, wanamwita nani?"

Feruzi, kwa mara moja katika kazi yake, alitumia maneno mafupi.

"Watu wao, Bwana."

Gavana, kwenye kiti chake, alifurahi sana kuona mtemi aliyependwa kiasi kile.

*

Serikali ya Kiingereza haimfukuzi mwana wa ukoo. Ilimrudisha Lodi kwao "kwa sababu za afya," ikamwandalia pensheni. Siku ya kuondoka alikwenda kumuaga Bi Kalunde. Alimkuta amesimama njiani, anabishana na mtu wa reli.

"Nimekuja kuaga, mama. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Ukifika kwenu kuna ofisi ya mambo ya vita?"

"Ipo. Kubwa."

"Basi nenda kaulize. Wale waliobebeshwa mizigo, walifia wapi. Kila mtu na mahali pake. Wewe ni mtoto wa nyumba kubwa, watakufungulia mlango." Akamtazama kwa makini, kama anavyomtazama mbuzi kabla ya kumnunua. "Na usiwachekeshe."

Lodi alikwenda. Alipofika Uingereza hakukaa kasrini; kaka yake alimwalika chakula mara moja, akamtaka asimulie visa vya Afrika, na Lodi akasema hana. Alipanga chumba London. Asubuhi alikwenda kwenye ile ofisi. Mlango walimfungulia, kama alivyosema Bi Kalunde, na karani akainuka kwa ajili ya jina lake. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Aliandika jina la kikosi alilotajiwa, akaenda ndani, akakaa sana, akarudi na majalada mikononi akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu.

"Kikosi hicho tunacho, my lord. Kumbukumbu zake ni kamili. Hawa ndio maofisa. Hawa ndio nyumbu wa mizigo, kila mmoja na jina lake, umri, mahali alipofia na sababu."

"Na watu?"

"Watu gani, my lord?"

"Waliobeba mizigo nyumbu walipokwisha kufa."

Karani alifungua, akafunua, akafunga. "Hao hawakuandikwa," alisema. "Labda palikuwa na idadi tu. Naweza kukutafutia idadi."

"Sitaki idadi. Nianzie na mmoja. Anaitwa Mwandu, wa Bonde la Isalanda."

"My lord, nimekwambia, hayumo."

"Nimesikia. Nitangoja."

"Utangoja nini?"

Kulikuwa na benchi ukutani, la wanawake wajane waliokuja kuulizia pensheni za waume zao. Lodi alikwenda akakaa kati yao, akaweka kofia magotini, na mama aliyekuwa kando yake akasogea kidogo ili miguu yake mirefu ipate nafasi.